Jina la Leso Si Neno la Siri

Apitaye Barabara ya Biashara, kisiwani Mombasa, huyasoma majina ya leso zilizotundikwa madukani bila ya kuombwa. Jina la leso hutungwa ili lisomwe na jirani, hasimu na mpita njia. Neno la siri hutungwa kwa kusudi lililo kinyume. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili atakiwapo kubuni neno la siri refu huelekea kukimbilia methali, jina la leso au mshororo wa utenzi, kwa kuwa ndivyo alivyovihifadhi moyoni.

Kufanya hivyo ni sawa na kulitia mlango komeo, kisha kuuacha ufunguo barazani. Wezi wa mtandaoni hawabahatishi herufi mojamoja tu. Programu zao hujaribu pia orodha za maneno na misemo iliyokwisha kuchapishwa. Urefu wa methali haufai kitu iwapo methali nzima huhesabiwa kuwa jaribio moja. Na anayeingia katika barua pepe ya mwanafunzi huweza kuzifikia rasimu za tasnifu, na hata kubadili maneno ya siri ya akaunti nyingine.

Lililo bora ni kuiachia bahati nasibu uteuzi. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alianzisha mbinu iitwayo Diceware: dadu hurushwa mara tano, na tarakimu zipatikanazo huelekeza kwenye neno moja kati ya maneno 7,776. Kila neno linaloongezwa huzidisha michanganyiko mara 7,776. Maneno sita yanatosha.

Je, yatakumbukwaje? Tuseme dadu imetoa pweza, kabati, mvua, kinu, shemeji na taa. Pweza yumo kabatini anatwanga mvua kinuni, naye shemeji amemshikia taa. Picha hiyo haisahauliki, ingawa kwa kuchapishwa hapa imekwisha kuharibika. Hadi yazoeleke, maneno hayo yaandikwe karatasini na kuwekwa pamoja na hati muhimu za nyumbani. Akaunti nyingine zipewe kila moja neno lake, na kazi ya kuyakumbuka iachiwe programu maalumu ya kuyatunza.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wajibu hapa. Maneno 7,776 mafupi na yanayofahamika, yaliyoteuliwa na wanafunzi na kupitiwa na wahadhiri, yangemfaa mzee wa Kibokoni sawasawa na mhadhiri. Methali zibaki barazani, zinakostahili kusikika.