Mti Jukwaani si Pambo

Umeenea miongoni mwetu mtindo wa kusoma tamthilia kana kwamba binadamu huishi hewani. Katika vidato vyetu mwanafunzi huzoezwa kuorodhesha wahusika, kisha dhamira, kisha migogoro. Na afikapo kwenye mti, mto au ardhi, huandika neno moja tu, "mandhari", akafunga daftari. Akijitahidi sana huongeza neno la pili, "ishara". Sisi twashikilia kwamba mazoea haya ni makosa, na kwamba madhara yake hayaishii katika chumba cha mtihani.

Natuanze na mchezo wa kuigiza uliosomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wetu, Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969. Wanafunzi huambiwa kwamba maji katika mchezo huo ni ishara ya umoja. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kabla ya kuwa ishara, maji hayo yalikuwa maji ya nchi ya Rufiji. Na dawa waliyoitumia wapiganaji wa Maji Maji ilichanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, yaani mazao ya mikono yao wenyewe. Ugomvi nao ulikuwa juu ya ardhi. Watu walilazimishwa kulima pamba ya Mdachi, na huku majumbani mwao njaa ikibisha hodi. Hata vita vyenyewe, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, havikuamuliwa kwa bunduki peke yake. Wadachi walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwalimu anayelifundisha jambo hili kwa neno "mandhari" amewanyima wanafunzi wake kiini cha habari.

Mwandishi huyo huyo alitupatia Mashetani mwaka 1971. Humo vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza mchezo wa shetani na binadamu penye mbuyu. Kwa nini mbuyu, wala si mwembe au mpera? Kila aliyekulia pwani ajua jibu. Mbuyu ni makao ya mizimu, ni mahali pa tambiko, ni mti apitao mtu usiku akaharakisha hatua. Mwandishi aliazima hofu na heshima ambayo watu walikuwa nayo tayari kwa mti ule. Mtazamaji asiyepata kuuogopa mbuyu atauona mchezo ule kwa jicho moja.

Wapo watakaotujibu kwamba haya ni mambo ya kale. Kwamba tamthilia ya kisasa yahusu mtu, mji na nafsi. Na kwamba yafaa tuige mataifa yaliyoendelea, Marekani mathalani. Vema, na tutazame huko huko. Mwaka 1924 Eugene O'Neill alitoa Desire Under the Elms, habari ya baba na wanawe wanaogombea shamba la mawe, na juu ya nyumba yao miti miwili mikubwa imeinama kana kwamba yaigandamiza. Mwaka 1949 Arthur Miller alitoa Death of a Salesman, mchezo wa mjini kabisa. Mchuuzi wake mzee amezingirwa na majumba marefu, miti aliyoipenda imekatwa na wajenzi, jua halifiki uani. Na katika saa zake za mwisho atoka usiku na taa ya mkononi kupanda mbegu za mboga mahali ambapo hakuna kitakachoota. Huo ndio usasa tunaotishiwa nao! Nao wenyewe unalilia udongo.

Kwa nini tunalishikia bango jambo hili? Tutoe mfano wa karibu. Katika Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, kuna mahali paitwapo Mikocheni. Jina hilo latokana na mkoche, mti wa jamii ya mnazi, ambao tunda lake, koche, huliwa, na miyaa yake husukiwa mikeka na vikapu. Je, ni wanafunzi wangapi wa Mikocheni wawezao kuuonyesha mkoche kwa kidole? Kuta zimepanda, na Mto Mlalakua, upitao jirani, kwa miaka mingi umegeuzwa jalala. Kijana aliyefundishwa kwamba mto ni mandhari tu hataona ajabu kuutupia taka, kwa maana pambo likichakaa hutupwa.

Basi twawataka walimu wautoe mchezo darasani, wauigize uwanjani, kama ngoma zetu zilivyochezwa tangu zamani. Wawaulize wanafunzi: ardhi ya mchezo huu ni ya nani? Yamlisha nani? Imekuwaje kati ya onyesho la kwanza na la mwisho? Na waandishi chipukizi wa Mikocheni na Temeke tunawaambia kwamba hawana haja ya kwenda mbali kutafuta kisa. Kuna mto unaokufa karibu nao, kuna watu wanaoishi kando yake na watu wanaoufukia, na kuna jina la mtaa ambalo wakaaji wake wanakaribia kulisahau maana. Hiyo ni migogoro tosha kwa tamthilia nzima, na haijaandikwa vya kutosha.