Vibonzo vikongwe vya Japani vyastahili nafasi darasani

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa walimu na wazazi wengi kwamba vibonzo ni vya watoto wadogo, na kwamba mwanafunzi wa sekondari au wa chuo kikuu anayevitazama anapoteza wakati ambao angeutumia kusoma. Dhana hiyo haijawazuia wanafunzi hata kidogo. Waulize wanafunzi wa chuo chochote hapa nchini, nao wengi watakutajia anime, yaani filamu za vibonzo kutoka Japani, kwa wepesi kuliko watakavyotaja riwaya walizozisoma kwa hiari yao. Maadamu wanazitazama, linalobaki ni kuuliza kama sisi walimu tutakuwa na la kuwaambia.

Katika muda wa mwaka mmoja uliopita nimezitafuta na kuzitazama filamu za aina hiyo, hasa zile za zamani, zilizotengenezwa kabla ya wengi wa wanafunzi wangu kuzaliwa. Kati ya zote, sita zimenikaa moyoni, nami nimezipanga hapa kuanzia nafasi ya tano hadi ya kwanza. Kwa nini filamu sita zimegawana nafasi tano, msomaji ataona. Kipimo nilichotumia ni kimoja: je, filamu hii inaiamini akili ya kijana kwa kiasi gani? Uzuri wa picha na umaarufu wa mtunzi nimeviweka kando, kwa sababu kila mwalimu anajua kwamba ni imani hiyo inayotenga kazi inayofunza na kazi inayohubiri.

Nafasi ya tano nimeipa "Kaze no Tani no Nausicaä", yaani Nausicaä wa Bonde la Upepo, iliyoongozwa na Hayao Miyazaki mwaka wa 1984. Dunia imeharibiwa na vita, msitu wenye hewa ya sumu unazidi kuenea, na mataifa yaliyosalia yanataka kuuteketeza. Binti mfalme Nausicaä haufuati mkumbo huo. Anakusanya mbegu za mimea ya msituni, anazipanda kwa siri chini ya ngome kwa maji na udongo safi, na kugundua kwamba mimea yenyewe haina sumu. Sumu imo ardhini, iliachwa na wanadamu, na msitu unaisafisha. Huo ni uchunguzi wa kisayansi uliosimuliwa bila hotuba. Nimeiweka ya tano kwa kuwa tamati yake inauachia muujiza ukamilishe kazi iliyoanzishwa na uchunguzi.

Filamu hiyo ina funzo jingine kwa wafasiri. Mwaka wa 1985 ilitolewa Marekani kwa jina la "Warriors of the Wind", ikiwa imekatwa zaidi ya dakika 20, na Nausicaä akabatizwa Zandra. Kilichosalia kilikuwa zaidi hadithi ya mapigano. Baada ya hapo studio ya Ghibli, iliyoanzishwa mwaka huo huo na Miyazaki na wenzake, ilishikilia kwamba kazi zake zisikatwe zinapopelekwa ng'ambo.

Nafasi ya nne zinaishiriki filamu mbili, kwa sababu ndivyo zilivyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Aprili 1988: kwa tikiti moja, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni "Tonari no Totoro" ya Miyazaki, inayowahusu wasichana wawili wanaohamia mashambani na baba yao huku mama amelazwa hospitalini. Haina mwovu wala vita. Hofu yote imo katika swali ambalo watoto hawathubutu kuliuliza, kama mama atarudi. Satsuki ni jina la kale la Kijapani la mwezi wa tano, na jina la mdogo wake, Mei, ni neno lile lile la Kiingereza ambalo Kiswahili nacho kimelikopa na kulitamka vivyo hivyo. Jina Totoro nalo linatokana na Mei kushindwa kutamka "tororu", kama Wajapani wanavyomwita zimwi wa hadithi za Skandinavia. Konsonanti ya kwanza inaivuta ya pili ifanane nayo, na vokali ya mwisho inazifuata zilizoitangulia. Mwanafunzi wa fonolojia hahitaji mfano bora zaidi wa usilimisho, na mzazi yeyote amewahi kuusikia nyumbani kwake.

Ya pili ni "Hotaru no Haka", yaani Kaburi la Vimulimuli, ya Isao Takahata. Seita, mwenye umri wa miaka 14, na dada yake Setsuko wa miaka minne wanampoteza mama yao katika mashambulizi ya ndege mjini Kobe mwaka wa 1945. Filamu inaanza kwa kifo cha Seita katika kituo cha treni, hivyo mtazamaji hana tumaini la kujidanganya nalo. Inatokana na hadithi ya mwaka wa 1967 ya Akiyuki Nosaka, ambaye dada yake wa kulelewa alikufa kwa njaa baada ya mashambulizi hayo. Takahata mwenyewe alinusurika mabomu mjini Okayama akiwa na miaka tisa. Wako watakaoniuliza kwa nini kazi nzito kama hii isiwe ya kwanza. Sababu ni kwamba uzito wake ni mkubwa mno kwa mtoto aliye peke yake. Inamhitaji mtu mzima aketi naye hadi mwisho, kisha amsikilize.

Katika nafasi ya tatu ipo "Ginga Tetsudo no Yoru" ya Gisaburo Sugii, iliyotoka mwaka wa 1985. Ni safari ya usiku ya treni ipitayo kwenye Njia Nyeupe, ule utandu wa nyota unaoonekana angani mithili ya mto. Hadithi yenyewe iliandikwa na Kenji Miyazawa, aliyekuwa mwalimu wa shule ya kilimo huko Hanamaki, na ikachapishwa mwaka wa 1934, baada ya yeye kufariki mwaka wa 1933. Wahusika wengi wamechorwa kama paka, na vichwa vya sura vimeandikwa kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa ambayo Miyazawa aliipenda.

Ninalotaka walimu waliangalie ni tukio la mwanzo. Mwalimu anauliza utandu huo wa nyota ni nini hasa. Giovanni anasimama, jibu analijua, lakini ulimi unamganda, kwani amechoka kwa vibarua anavyofanya ili kumtunza mama mgonjwa. Mwalimu anamgeukia rafiki yake Campanella, mwanafunzi hodari. Naye ananyamaza kwa makusudi ili asimwaibishe mwenzake. Ni wangapi kati yetu wameuona ukimya wa namna hiyo darasani na kuuandika katika ripoti kuwa ni uvivu?

Nafasi ya pili ni ya "Omohide Poro Poro" ya Takahata, ya mwaka wa 1991. Taeko ni mwanamke wa miaka 27 anayefanya kazi ofisini mjini Tokyo. Anakwenda likizo mkoani Yamagata kusaidia kuvuna maua ya kutengenezea rangi, na huko anaandamwa na kumbukumbu za mwaka wa 1966, alipokuwa katika darasa la tano. "Poro poro" ni tanakali ya sauti inayoonyesha machozi au vitu vidogo vikidondoka kimoja kimoja, maana Kijapani, kama Kiswahili, kina hazina kubwa ya tanakali. Mwalimu aliyechoka kuwakaririsha wanafunzi "anguka chubwi majini" na "anguka pu mchangani" anaweza kuanzia hapo. Hali kadhalika, Toshio, kijana mkulima, anazungumza lahaja ya kwao, na filamu haimcheki. Linganisha na vichekesho vyetu, ambamo aghalabu lafudhi ya mtu ndiyo kichekesho chenyewe.

Taeko mdogo amepata alama 25 katika hesabu. Anataka kujua maana ya kugawanya theluthi mbili za tofaa kwa robo. Dada yake anamwambia apindue sehemu ya pili, kisha azidishe, basi. Taeko anachora tofaa, analikatakata na kupotea njia, lakini kupotea kwake kuna fikra nyingi kuliko utiifu wa waliopindua na kuzidisha wakapata alama zote. Filamu hiyo hiyo inazungumzia waziwazi hedhi, mafunzo wanayopewa wasichana shuleni, na kejeli za wavulana. Nchini Kenya, sheria ya mwaka wa 2017 iliipa serikali wajibu wa kuwapa wanafunzi wa kike sodo bila malipo. Hata hivyo, hakuna sheria inayoweza kuizima kejeli ya mvulana. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na filamu hii ingemfaa. Marekani haikuionyesha rasmi kwa Kiingereza hadi mwaka wa 2016, miaka 25 baada ya kutengenezwa.

Ya kwanza, kwangu mimi, ni "Mimi wo Sumaseba", yaani Ukitega Sikio, iliyotolewa mwaka wa 1995. Neno "mimi" katika Kijapani ni sikio, na sadfa hiyo itawapendeza wasomaji wa Kiswahili. Iliongozwa na Yoshifumi Kondo, aliyefariki mwaka wa 1998 akiwa na miaka 47, na ndiyo filamu ndefu ya pekee aliyoiongoza. Shizuku ana miaka 14, anapenda kusoma, na mtihani wa kuingia shule ya juu unamkaribia. Baba yake anafanya kazi katika maktaba, na mama yake amerudi chuo kikuu.

Shizuku ameombwa na wenzake aufasiri kwa Kijapani wimbo wa Kimarekani ulioimbwa na John Denver mwaka wa 1971, "Take Me Home, Country Roads". Jaribio lake la kwanza halimridhishi. Ni sahihi, lakini halina uhai. Anatunga jingine la mzaha kuhusu barabara za saruji, kwa kuwa mtaa wao umejengwa juu ya vilima vilivyosawazishwa. Hatimaye anaandika lake, ambalo linakwenda kinyume na la awali. Wimbo wa Marekani unaiomba barabara imrudishe mtu nyumbani. Wa Shizuku unamhusu mtu anayeijua barabara hiyo lakini hawezi kuifuata. Sijui somo bora zaidi la tafsiri. Msichana amegundua kwamba maneno ya wengine hayawi yetu mpaka yapite katika barabara zetu wenyewe.

Kisha anaamua kutunga hadithi, na alama zake zinaporomoka. Dada mtu anamfokea. Wazazi wanamwita, wanamsikiliza, na baba anamruhusu afanye analoliamini, huku akimwonya kwamba kuishi tofauti na wengine si rahisi na kwamba hatakuwa na wa kumlaumu. Hadithi inapokamilika, Shizuku mwenyewe anaona kwamba bado ni changa na kwamba anahitaji elimu zaidi, na anarudi vitabuni bila kusukumwa. Mtihani wetu wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini hofu ya alama haikuondoka nao. Filamu hii haiidharau shule. Inaonyesha kwamba kijana huipenda shule anapojua mwenyewe anachokitafuta huko.

Najua hoja itakayotolewa: kwamba hizi ni tamaduni za kigeni, nasi tuna zetu. Waswahili walishalijibu hilo waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya "Julius Caesar" mwaka wa 1963, Kiswahili hakikupungua kwa kumkaribisha Shakespeare. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba vijana wetu wanazipata filamu hizi kwa maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha, na Kiswahili hakimo katika mazungumzo hayo. Nchi za Kiarabu hazikukubali hali hiyo. Mfululizo wa Kijapani wa "Grendizer", ulioanza mwaka wa 1975, ulitiwa sauti za Kiarabu sanifu nchini Lebanon, na watoto wakaisikia lugha ya vitabuni ikitoka kinywani mwa shujaa wao. Sisi tuna wasimulizi wa vibanda vya video, ambao kwa miaka mingi wamezisimulia filamu za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili chenye uhai. Vyuo vikuu vyetu bado havijaichukulia sanaa hiyo kwa uzito unaoistahili.

Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kusubiri idhini kutoka juu ili aanze. Achague tukio la dakika tano, kwa mfano lile la tofaa la Taeko, na awape wanafunzi mazungumzo yake wayafasiri. Wabishane kuhusu namna Taeko angemwita dada yake kwa Kiswahili, na kama Toshio azungumze Kimvita au Kiamu ili ukulima na lahaja yake visipotee. Wakishindwa kukubaliana, watakuwa tayari wameanza kujifunza isimu.