Usitupe Tembe za Kliniki Juu ya Story ya Sukari, Angalia Dozi Kwanza

Jirani yangu hapa Nyamasaria ako na ball ya miezi minne. Juzi alinishow ameacha kumeza zile tembe za damu za kliniki. Kisa? Beshte yake amesoma mtandaoni ati foliki inaleta kisukari cha mimba. Sasa tembe zimekaa tu kwa kabati, karibu na majani chai.

Wasee, hiyo story haijatoka hewani. Mwaka wa 2019, jarida la Diabetes Care lilichapisha utafiti wa Wuhan, China. Wamama waliomeza mikrogramu 800 za foliki ama zaidi kila siku walipatikana na kisukari cha mimba kuliko wale hawakumeza. Lakini mwaka huo huo, jarida hilo hilo likatoa utafiti wa manesi wa Marekani: waliozoea kupata foliki ya kutosha kabla ya kushika mimba ndio walikuwa na hatari ndogo. Na zote mbili ziliangalia tu nani alikula nini na nani akapata sukari. Hakuna iliyothibitisha ati tembe ndiyo ilileta.

Sasa cheki ile ya kliniki: chuma miligramu 60, foliki mikrogramu 400. Hiyo ni nusu ya ile dozi ya Wuhan, na iko ndani ya kiwango WHO inapendekeza. Kazi yake si mchezo. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga kama siku 28 baada ya mimba kutunga, wengi hata hawajajua wako na ball. Baada ya hapo, tembe inaendelea kulinda damu ya mama.

Noma inaanzia kemisti. Huko kuna foliki ya miligramu 5, yaani zaidi ya mara 12 ya ile ya kliniki, na kuna wale hununua wakidhani nyingi ndiyo poa. Huku ziwani kuna malaria, kwa hivyo kliniki hupea wamama Fansidar ya kuikinga. Fansidar humaliza kimelea kwa kukinyima foliki. Utafiti uliofanywa huku magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2006 ulionyesha miligramu 5 zinaangusha nguvu ya Fansidar. Dozi ndogo kama ya kliniki haikuangusha.

Kuna wenye daktari huwaandikia hiyo kubwa: mwenye sikoseli, anayemeza dawa ya kifafa, ama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Kama ni wewe, usiache kivyako. Ambia daktari uko eneo la malaria, apange hiyo mambo ya Fansidar.

Na kama ni sukari inakutesa akili, basi ipimwe. Ukiwa na mzazi mwenye kisukari, uzito mkubwa, ama ulishazaa mtoto wa zaidi ya kilo 4, sema mapema kliniki. Kipimo chenyewe hufanywa wiki ya 24 hadi 28.

Osuga na maharagwe ya soko letu pia ziko na foliki, kula. Lakini hazichukui nafasi ya tembe.

Jirani nimemshow abebe kitabu chake cha kliniki aende aulize sista mwenyewe. Ameenda leo asubuhi. Tembe zimetoka kabatini.