Hesabu inayotoka nje ya daftari

Mzazi, hesabu za mwanao zinaweza kuusaidia mtaa. Mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kata zinazokumbwa na mafuriko jijini humo. Pamoja na wenyeji, walichora nyumba, njia na mifereji katika ramani iliyo wazi kwa yeyote.

Bagamoyo nako masika hayabishi hodi. Mwanao na mwalimu wake waanze na mifereji iliyoziba njiani kwenda shule: waihesabu, waandike mahali na tarehe, wampelekee mwenyekiti. Waende mchana, mkubwa akiwepo, wala wasiandike majina ya watu.

Jioni usiulize alama tu. Muulize: leo umehesabu nini?