JEMBE LIKIWEKWA CHINI

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jiji la Dar es Salaam limeufuata usemi huo barabara. Kijana akishuka basi kutoka Kigoma au Singida, hazipiti siku nyingi kabla hajaonyeshwa penye kazi: kiwandani, bandarini, kwenye ujenzi, au nyuma ya mkokoteni Kariakoo. Jembe amekwisha kupewa. Lakini hapana amwambiaye afanye nini siku ile jembe linapowekwa chini.

Jambo hili si dogo. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 5,383,728. Kwa miaka kumi tumeongezeka zaidi ya milioni moja. Wapo waliozaliwa hapa, na wapo waliokuja na begi moja na namba ya simu ya binamu. Mwulize mmoja wa hao wageni Jumapili imempitaje, naye mara nyingi atajibu: "Sina hela, nitakwenda wapi?"

Twasema jibu hilo si la kweli, tena ni la hatari. Mtu aaminiye kwamba mjini kila furaha hununuliwa, mwishowe huinunua ile iliyo karibu: chupa ya baa iliyo mlangoni pake, au mkeka wa kubashiri mipira. Mshahara humalizika kabla mwezi haujafika nusu, na madeni yakaanza. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba mtu huyo hujiona mpangaji katika jiji ambalo yeye mwenyewe analijenga kwa mikono yake.

Basi na tutembee pamoja, mfukoni tukiwa na nauli ya daladala na akiba kidogo.

Tuanze alfajiri Magogoni, kwenye soko la samaki la Feri. Ngalawa na mashua huingia, samaki hushushwa, na mnada huanza kwa kelele na mizaha. Kutazama hakulipiwi. Hatua chache kutoka hapo pana kivuko, na kwa nauli ndogo mtu huvuka maji hadi Kigamboni, akaziona meli zikipita mlangoni mwa bandari ambayo jasho lake huenda limepakia na kupakua mizigo yake.

Akirudi, na aingie mjini kwa miguu hadi kwenye Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo havikuwa vyao. Na aendelee mpaka Kariakoo, akijua kwamba jina hilo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita ile ile. Kijana asukumaye mkokoteni pale leo anasukuma juu ya ardhi iliyopewa jina la wabebaji wenziwe. Hakuja mahali pa wengine. Amefika kwa jamaa zake.

Njiani atapita Mnazi Mmoja. Wakoloni walikiacha kiwanja hicho wazi ili kiwatenge Waafrika wa Kariakoo na wakazi wa upande wa pili. Leo pana Mnara wa Mwenge, na mtu yeyote aweza kupumzika kivulini bila kuulizwa kabila wala rangi. Jirani yake, katika mtaa uitwao sasa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mahali palipowekwa kutenganisha watu pamekuwa mahali pa kukutana. Hilo ni somo lisilotozwa ada.

Yapo pia yanayotaka fedha kidogo. Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert, humtoza mwananchi kiingilio kilicho chini sana kuliko cha mgeni kutoka nje, naye husoma habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Kijiji cha Makumbusho, kwenye barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali; aliyepatwa na simanzi ya nyumbani huenda akakuta humo nyumba kama ya bibi yake. Na Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, huwapa watu vitabu, meza na utulivu kwa ada isiyomfilisi mtu.

Jioni ni ya bahari. Pale Coco Beach watoto huoga, vijana hucheza mpira, na muhogo wa kukaanga wenye pilipili hushibisha kwa bei ya mnyonge. Bahari haiulizi mshahara wa mtu.

Wala si lazima kwenda mbali. Katika kila mtaa pana kijiwe cha kahawa na kashata, pana bao na drafti, pana mpira wa mchangani, na asubuhi ya Jumapili pana vikundi vya watu wakimbiao pamoja kwa nyimbo. Huko ndiko mgeni apatako jamaa. Mtu ni watu. Asiyejulikana na jirani yake hujulikana na nani siku ya ugonjwa?

Asije mtu akatuelewa vibaya. Hatusemi kwamba matembezi yachukue nafasi ya mshahara wa haki. Mfanyakazi hali upepo wa bahari. Tena yapo mambo yanayoweza kuyafuta haya yote, nayo ni mawili.

La kwanza ni muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Hata hivyo wapo walinzi na wafanyakazi wa majumbani wasioijua Jumapili wala Ijumaa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba bahari ni bure ni kumdhihaki. Mwajiri anayemnyima siku yake amemnyima jiji zima.

La pili ni mahali. Tunakikumbuka kiwanja cha mtaa mmoja, ambapo kila jioni vijana walicheza na wazee wakakaa pembeni kuhukumu. Asubuhi moja kilizungushwa mabati. Baadaye zikaota fremu za maduka, na hapakuwa na mkutano wa mtaa uliowahi kuulizwa. Vijana wale walihamia wapi? Baadhi yao walihamia kwenye vibanda vya kubashiri. Ufukweni nako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka maji. Lakini sheria isiyo na wa kuisimamia huliwa kidogo kidogo kama mchanga uliwavyo na mawimbi.

Kwa hiyo yawapasa viongozi wa mitaa na madiwani kuviorodhesha viwanja vya wazi vilivyosalia, na kuwasomea wananchi orodha hiyo mkutanoni, ili kisipotee hata kimoja gizani. Vyama vya wafanyakazi navyo, vinapodai mishahara, vidai siku ya mapumziko kwa nguvu ile ile. Nasi wananchi tusizidhulumu mali zetu kwa kutupa taka ufukweni na bustanini. Kitu cha wote kisipotunzwa na wote hupata mwenyewe mmoja.

Kazi na dawa, ndivyo tusemavyo. Wewe mwenyeji, Jumapili ijayo mgongee mlango mpangaji mwenzako aliyekuja juzi. Mwambie avae viatu. Muende Feri, mpite Mnazi Mmoja, mmalizie baharini. Jembe alikwisha kupewa siku ya tatu. Umefika wakati aonyeshwe na kivuli.