Mashauri kwa Aendaye Roma



Mwezi uliopita mama mmoja wa kwetu alinijia baada ya mafundisho ya jioni, ameshika barua mkononi. Binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji wa Roma. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ulifika kule pamoja na mahujaji. Nimwambie nini mwanangu, asije akapotea?" Nilimjibu machache papo hapo, kisha nikaona yafaa kuyaandika, maana si yeye peke yake mwenye mtoto wa kwenda ng'ambo.

Kwanza sharti niungame kosa langu. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilipanda basi liendalo upande wa Vatikano, limejaa hata mlango ukafungika kwa shida. Pasi yangu ya kusafiria na fedha zangu zote zilikuwa katika mfuko wa nyuma wa suruali. Kijana mmoja alinisukuma, mwenziwe akaniomba radhi kwa upole, nami nikacheka nao. Niliposhuka, mfuko ulikuwa mtupu. Wahenga walisema, mgeni ni kuku mweupe. Katika mji upokeao mamilioni ya wageni kila mwaka, mwizi humtambua mgeni kwa haraka yake, na kwa macho yake yaliyoinuka kutazama majengo.

Basi, pasi na fedha zisikae pamoja. Pasi iwe ndani ya nguo, katika mkoba mdogo wa shingoni, na nakala yake ibaki sandukuni. Ndani ya basi, mkoba uwe kifuani, na mkono juu yake. Mtu akikujia mbio katika Termini, stesheni kuu ya garimoshi, ili akubebee mzigo au akusaidie kununua tikiti, nawe hukumwita, mshukuru na kumkataa. Vivyo hivyo yeye akufungaye uzi mkononi au akupaye ua akisema ni zawadi: kabla hujaenda hatua tatu atadai malipo.

Toka uwanja wa ndege wa Fiumicino, garimoshi la moja kwa moja hufika Termini kwa muda wa kama nusu saa. Atakaye teksi aiendee safu ya magari meupe yenye mita, wala asimfuate mtu amnong'onezaye mlangoni. Tikiti za basi huuzwa katika maduka ya tumbaku, yenye herufi kubwa T nje. Lakini kuinunua hakutoshi: ukiisha kupanda, itie katika mashine ndogo ipigwe chapa. Isiyopigwa chapa ni kama hakuna, na mkaguzi atakutoza faini, wala hutaokoka kwa kusema u mgeni. Termini ndipo zikutanapo njia A na B za reli ya chini ya ardhi. Ukiijua stesheni hiyo, hutakosa njia ya kurudi.

Maji ya kunywa hayana haja ya kununuliwa kila mara. Tangu miaka ya 1870 mji umeweka mabomba ya chuma njiani, nao huyaita nasoni, maana yake pua kubwa. Yako kama 2,500, na maji yake ni safi na baridi. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji hurukia juu kupitia tundu dogo, nawe utakunywa bila kuinama sana. Kahawa nayo ina desturi yake: ukinywa hali umesimama penye meza ya muuzaji, bei ni ndogo, ukiketi ukahudumiwa, huenda ikapanda sana. Soma bei kabla ya kuketi. Tena viatu viwe imara, visivyo na kisigino kirefu, kwa sababu njia nyingi za mji wa kale zimetandikwa mawe madogo, nayo huteleza wakati wa mvua.

Watu wa Roma huonekana wakali kwa sababu husema kwa sauti kuu na kwa mikono yao, lakini mwenye adabu hawamtupi. Ingia dukani ukisema "Buongiorno", na tangu alasiri "Buonasera". Aingiaye nyumba ya mtu husema "Permesso" mlangoni, kama sisi tusemavyo "Hodi". Mwanafunzi ajifunze maneno hayo kabla ya kuondoka kwao.

Aendaye makanisani afunike mabega na magoti, mwanamume na mwanamke. Katika Basilika ya Mtakatifu Petro walinzi humrudisha asiyevaa hivyo. Makanisa mengi madogo hufungwa saa za mchana hata alasiri. Siku ya Jumatano, Baba Mtakatifu akiwapo mjini, huwa na makutano na watu wote, na tikiti zake ni bure. Akuuziaye tikiti hiyo anakudanganya.

Akaaye zaidi ya siku 90, kama binti huyu, ana kazi moja isiyongoja. Katika siku 8 za kazi tangu kuingia nchini yampasa aombe kibali cha kukaa, waitacho permesso di soggiorno. Mwanafunzi huchukua karatasi zake katika posta, huzijaza, na kuzirudisha hapo hapo. Ile stakabadhi apewayo aitunze kama pasi yenyewe, maana ndiyo ushahidi wake mpaka kibali kitoke. Wengi hupatwa na shida kwa kusema, "Nitakwenda juma lijalo."

Sasa nimalize habari yangu. Nilipoibiwa sikumwambia mtu. Niliona haya, mimi mwalimu wa watu, kuonekana mjinga mbele ya kundi. Nilizunguka peke yangu mchana kutwa. Jioni nilipomwambia kiongozi wetu, alisikitika tu, akasema, "Ungalinena asubuhi, tungalikwenda polisi na ubalozini leo." Lakini ubalozi ulikuwa umekwisha kufungwa mpaka Jumatatu. Jumatatu hiyo wenzangu walikwenda Assisi, mahali nilipotamani kupaona tangu ujana wangu. Mimi nilikaa katika kiti cha ubalozi nikingoja hati ya kunirudisha nyumbani. Fedha zilichukuliwa na mwizi. Assisi niliipoteza mwenyewe kwa haya zangu.

Kwa hiyo aliyepatwa na shari anene saa ile ile. Namba ya kuita msaada ni 112. Aliyeibiwa aandikishe habari polisi, apewe karatasi, kisha aende nayo ubalozi wa nchi yake.

Nanyi wazazi, mna kazi yenu. Mtoto aliyevunja mtungi hujificha porini, naye huogopa makaripio kuliko giza. Kabla binti hajaondoka, mwambie kwa kinywa chako: "Likikupata lolote, tuarifu siku ile ile, nasi hatutakukaripia." Mama yule aliposikia hayo alinyamaza kitambo, akaikunja barua. Akasema, "Hilo, Mwalimu, nitamwambia leo."