Shaba Haina Kosa

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, siku ile sanduku la bibi arusi linapofunguliwa mbele ya mashangazi na makungwi, ikadhihiri mikufu, vipuli, timbi na kidani juu ya kitambaa chekundu, hakosekani mama mmoja wa makamo atakayeinua bangili, akaipima kwa kiganja, kisha akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Hii ni dhahabu safi, au imetiwa shaba?" Swali hilo, ambalo limekwishawatia fedheha mabwana arusi wengi wasio na hatia, ndilo nitakalo kulijadili leo, kwa kuwa naliona limeulizwa sivyo.

Dhahabu isiyochanganywa na kitu, ambayo wenye kazi huiita ya karati 24, ni madini laini mno, hata pete yake ikivaliwa kila siku hupinda na kukwaruzika, na makucha yanayoshika kito hulegea, kito kikaanguka pasipo mwenyewe kuwa na habari. Na kwa sababu hiyo masonara, tangu zama za kale, wameitia fedha na shaba ili ipate ugumu wa kustahimili mkono wa mwanadamu. Karati nayo si siri ya ukoo wa sonara, bali ni hesabu ya mafungu 24: ya karati 22, ambayo Bara Hindi na nchi za Ghuba huipenda sana, ina mafungu 22 ya dhahabu na mawili ya madini mengine, nayo hupigwa muhuri wa 916, yaani sehemu 916 katika 1,000, ya 18 hupigwa 750, na ya 9, iliyozoeleka Uingereza, hupigwa 375. Shaba ikizidi, rangi huelekea wekundu; fedha ikizidi, hupauka; na ile nyeupe ipendwayo na vijana imetiwa paladi au nikeli, kisha aghalabu ikapakwa rodi, ambayo huchakaa kwa kuvaliwa ikadai kupakwa upya.

Basi kuchanganya si kughushi. Hadaa huingia pale tu muuzaji anapoificha ile hesabu. Bangili ya gramu 10 ya karati 22 ina dhahabu tupu ipatayo gramu 9.17, ilhali ya karati 9, yenye uzito ule ule na ikiwa imepakwa juu ing'ae sawasawa, ina gramu 3.75 peke yake. Na mnunuzi anayelipa bei ya ile ya kwanza akapewa ya pili amedhulumiwa zaidi ya nusu ya mali yake akiwa anatabasamu. Waingereza walilitambua hilo mapema, ndipo sheria yao ya mwaka 1300 ikataka vyombo vya fedha vipimwe na kupigwa muhuri wa kichwa cha chui kabla ya kuuzwa. Nasi tusione haya kudai stakabadhi yenye kutaja karati, uzito wa dhahabu mbali na uzito wa vito, na ujira wa sonara, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Nakiri kwamba mwenye kutaka kuweka akiba kabatini hana hasara kutafuta ya karati 24. Lakini cha kuvaliwa jikoni na shambani kina haki ya kuwa kigumu.

Mwenye kuijua hesabu hiyo hujua pia kukitunza chombo chake. Weusi uonekanao kwenye bangili baada ya muda aghalabu ni wa ile shaba na fedha zilizokutana na jasho na uturi, wala si ushahidi kwamba sonara ni mwizi. Nao huondoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mwororo, isipokuwa kwa lulu na marijani, ambazo hazitaki kulowekwa. Dawa ya kung'arishia nguo ni adui wa kweli, maana klorini yake huyala yale madini mengine, ikayavunja maungio na makucha. Zebaki ni adui mkubwa zaidi: ile ile ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasia chembe za dhahabu, ikiigusa pete huinasa vile vile na kuifanya nyeupe, nayo imo katika baadhi ya mafuta ya kujichubua, yanayodhuru ngozi kabla ya pete. Kila kimoja na kiwekwe katika kifuko chake, kwa kuwa almasi hukwaruza jirani.

Wahenga walisema kitunze kikutunze, na kwa mwanamke wa pwani neno hilo si mapambo ya maneno. Siku atakapoipeleka bangili ile kwa sonara, ili alipe karo ya mwana au gharama za mgonjwa, hapatakuwapo shangazi wa kumtetea mbele ya mizani; patakuwapo tarakimu tatu zilizopigwa kwa ndani, na karatasi aliyoihifadhi. Kwa hiyo, mama, sanduku likifunguliwa tena, uliza: "Ni karati ngapi, na stakabadhi iko wapi?"